Masizi Ndani ya Sotet

Nyinyi wa rika yangu, nyinyi ambao magoti inawaambia mvua inakuja kabla redio haijasema, mnaijua hiyo harufu. Unachukua kijiti ya mti inaitwa senetwet, unaichoma mpaka ncha inakuwa kaa nyekundu, unaisukuma ndani ya sotet, ile kibuyu yetu ya maziwa, unasugua pole pole, na moshi inatoka kwa shingo ya kibuyu kama mzee anavuta kiko. Wacha tu! Hiyo ndiyo inafanya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, iitwe mursik. Bila hiyo kaa ndani, ni maziwa tu imelala ikaharibika.

Juzi nilikuwa nimekaa nje kwa stuli yangu nikifanya hiyo kazi, na mjukuu wangu Cherono akatoka kwa nyumba, akanusa, akarudi ndani. Cherono ni mtoto wa kijana wangu, yule alituacha mwaka huu wakati wa mvua, kwa ajali ya barabara. Tangu tumzike, huyu mtoto amenyamaza. Akiulizwa anasema "niko sawa." Sasa mimi, na hii mdomo yangu haijui kupumzika, nikaangalia tu mgongo yake ikiingia kwa mlango. Hiyo mgongo naijua. Ni mgongo ya mtoto amebeba kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kuivaa.

Wacha niwaambie.

Tulikuwa tunakaa hapa hapa upande wa Kapsoit, penye majani chai ya kampuni inaishia na vishamba vyetu vinaanza. Kogo, hivyo ndivyo tunaita nyanya, mama ya baba yangu, alikuwa na kanyumba kake ka udongo kameshikana ukuta na yetu, karibu na jikoni, na mimi nilikuwa nalala na yeye. Shule nilienda kidogo, nikajua kuandika jina langu, nikarudishwa nyumbani kuangalia ng'ombe na kumwangalia Kogo. Na haikuniuma hata! Kogo alikuwa mtamu kuliko mwalimu. Meno alikuwa nayo kidogo sana, na masikio yake ilikuwa ile ya zamani, imetobolewa mpaka kidole inapita. Tukilala nilikuwa napitisha kidole yangu hapo ndani, na yeye anasema, "Wewe Chepngetich, toa mkono kwa mlango yangu." Tunacheka mpaka mama anagonga ukuta.

Kazi yangu kubwa ilikuwa sotet yake. Ya wengine ilikuwa inasafishwa na mama, lakini ya Kogo ilikuwa yangu. Unaisuuza na maji moto, unaingiza brashi yake ndefu, unatoa uchafu yote ya maziwa ya zamani, unaianika, ndiyo sasa unachoma kijiti na kusugua kaa ndani. Halafu unamwaga maziwa imechemshwa ikapoa, unafunga, unangoja. Kogo alikuwa ananiambia, "Sotet ni tumbo ya mtu. Ukiweka uchafu hapo, umemwekea mtu kwa tumbo." Hayo maneno niliyashika. Ningejua venye yatanisumbua ningeziba masikio.

Sasa kulikuwa na msichana anaitwa Akinyi. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa wakaja kufanya kazi ya kampuni, walikuwa wanakaa kambi ile juu yetu. Akinyi ndiye alikuwa rafiki yangu wa kufa na kupona. Na nyinyi mnajua mvua ya huku: mchana jua, saa za jioni mawe. Mvua ya mawe ikiisha, watoto wote wanakimbia kwa majani chai kuokota hiyo barafu kabla iishe, unajaza mdomo mpaka meno inalia.

Siku hiyo nilikuwa jikoni na sotet ya Kogo kwa mkono, na nilikuwa sijaisuuza hata. Mawe ikapiga mabati, ikanyamaza. Akinyi akafika kwa ua akaanza kupiga kelele.

"Wewe! Inayeyuka!"

"Ngoja nimalize kazi ya Kogo!"

"Ngoja, ngoja! Utakuja kuokota maji!"

Haki, wenzangu, mimi nilikuwa mtoto. Nikaangalia sotet, nikaangalia nje kumekuwa nyeupe pepepe. Nikachukua sufuria, nikafuta masizi ya chini na kidole, nikapaka kwa shingo ya sotet ndani, mahali macho inafika. Nyeusi kabisa, mtu angesema ni kaa ya senetwet. Nikamwaga maziwa juu ya uchafu ya zamani, nikafunga, nikatoka mbio. Hiyo barafu ilikuwa tamu. Sitawadanganya, ilikuwa tamu sana.

Wakati huo Kogo alikuwa ameanza kulala sana. Miguu imefura, pumzi fupi. Mimi nilidhani ni uvivu ya wazee. Maziwa ilipokuwa tayari nikamletea kwa kikombe, akainuka na kiwiko, akaweka kikombe karibu na pua, halafu kwa mdomo. Akaniangalia juu ya kikombe.

"Mm," akasema. "Leo umeipika kabisa."

Nikafurahi! Nikajiambia, kumbe kuchoma kijiti ni kujisumbua bure.

Kabla hiyo wiki iishe, mama akanipeleka kwa kina Akinyi nilale huko, na hakuniambia kwa nini. Niliporudi kitanda ya Kogo haikuwa. Ngozi yake ya kulalia haikuwa. Baba alikuwa amenyolewa kichwa inang'aa, na watu walikuwa wanaongea chini chini, wakiniona wananyamaza. Nikauliza Kogo ako wapi. Baba akasema, "Usitaje." Basi, hivyo tu. Siku hizo mtoto hakuwa anaambiwa, na jina ya mtu ameenda ilikuwa haitajwi ovyo. Wazazi wetu hawakuwa wabaya. Walidhani mtoto ni kama kuku, ukimfukuza kutoka kwa mambo atasahau.

Lakini mtoto ana masikio. Jirani mmoja alikuja kumpa mama pole, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Akauliza, "Na mwishowe alikula nini, mama wa watu?"

Mama akajibu, "Ni mursik tu. Ile Chepngetich alimtengenezea."

Wenzangu. Niliketi hapo chini nyuma ya mlango. Maneno ya Kogo yakarudi: Umemwekea mtu kwa tumbo. Mimi ndiye nilimuua Kogo, na kidole hii hapa, hii nawaonyesha, ikiwa na masizi ya sufuria.

Sikusema. Ningesema kwa nani, na jina yenyewe haitajwi? Nilikuwa nafanya kazi kama punda. Nachota maji bila kutumwa, naosha sufuria nje na ndani mpaka mama anasema, "Huyu mtoto amekuwa mtu mzima." Alikuwa ananisifu! Na kila sifa inaingia kama mwiba. Mursik sikuweka kwa mdomo tena. Nikiulizwa, tumbo inauma. Na haikuwa uongo.

Halafu mama akajifungua msichana. Hapo ndipo shida ilianza, kwa sababu nyinyi mnajua venye tunafanya. Wamama wazee wa upande wa baba wanakuja, mtoto anashikwa, na wanaanza kuita majina ya wale walienda. Wanaita moja, wanangoja. Wanaita ingine, wanangoja. Ile jina mtoto atapiga chafya, basi ni huyo amerudi kwa nyumba. Na mtoto akichelewa, kuna tumbaku kidogo kwa ncha ya kidole ya kumsaidia.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na nilikuwa naomba Mungu mpaka jasho inatoka. Si Kogo. Mtu yeyote, si Kogo. Kwa sababu Kogo akirudi, Kogo atasema.

"Tabarno!" wamama wakaita. Mtoto kimya.

"Tapkigen!" Mtoto akapiga mwayo. Nikasema moyoni, chukua huyo, chukua Tapkigen, ni mzuri, hakuna mtu anamkumbuka.

"Tabutany!" Hiyo sasa ndiyo jina ya Kogo.

Chafya! Hata si moja. Chafya ya kutetemesha hiyo kamwili yote. Wamama wakapiga vigelegele, baba kule nje akajipangusa macho na kofia, na mama, na machozi imejaa, akaniita: "Kogo yako amerudi! Kuja umsalimie!"

Nikatoroka. Nilikimbia mpaka kambi bila viatu.

Akinyi alikuwa anachambua mboga. Nikamwambia yote, yeye tu, mtu wa kwanza. Hakushtuka. Kwao pia wana hiyo mambo, mtoto analia mpaka ile jina inamtaka ipatikane, kwa hivyo alielewa mara moja, kama daktari.

"Sasa bado hawezi kuongea," akasema.

"Bado."

"Basi una wakati. Akianza kuongea, neno ya kwanza ni wewe. 'Chepngetich aliniua.' Hivyo tu."

"Akinyi, nifanye nini?"

Akafikiria, akiwa na mboga kwa mkono. "Mpe sukari. Kila siku. Akupende mpaka aone aibu kukusema."

Haya cheka, chekeni, hata mimi nacheka saa hii! Nilikuwa naiba sukari jikoni nampaka Chelangat, hiyo ndiyo jina yake ya kila siku, kwa ulimi. Nikimpaka sukari namnong'oneza, "Kogo, nisamehe, usiseme." Na yeye ananiangalia. Wenzangu, hebu fikirieni huyo mtoto: hana nywele, meno mawili tu hapa mbele, miguu imenona imefura. Ni Kogo kabisa! Na siku moja nimembeba, akanyoosha kakidole kake akaingiza ndani ya sikio yangu. Nilimuweka chini kama nimeshika moto. Mama akasema, "Wewe una wivu na mtoto?" Nikasema ndiyo, nina wivu. Ilikuwa afadhali kuliko ukweli.

Siku ilifika. Chelangat alikuwa ameanza kusimama akishika ukuta. Mama alikuwa ametoka kupeleka majani chai kwa senta ya kupimia, ako na kikapu bado kwa mgongo, imelowa, na mimi nilikuwa nimekaa na mtoto jikoni. Ile sotet ya Kogo ilikuwa bado imening'inia kwa msumari yake, hakuna mtu aligusa. Chelangat akaiangalia. Akainua mkono, akaielekeza kidole, akageuka akaniangalia mimi, akafungua mdomo.

"Te!" akasema. "Te! Te!"

Ilikuwa neno yake ya kwanza. Nikaanguka chini. Nilishika miguu ya mama na hizo gambuti zake za matope, nikalia mpaka ng'ombe wakainua kichwa. "Anasema! Anasema mimi! Ni ukweli, mama, ni mimi nilimuua Kogo, nilimwekea masizi, sikusuuza, nilienda kuokota mawe!"

Mama alisimama hapo na kikapu kwa mgongo. Halafu akaketi, chini kabisa kwa udongo, na kikapu yake, na akasema, "Rudia."

Nikarudia yote. Barafu, sufuria, kidole, jirani, tumbaku, sukari.

"Sukari pia ni wewe?" akasema. "Mimi nilikuwa nachapa paka."

Halafu uso yake ikabadilika. Akanivuta kwa hiyo aproni yake ya plastiki, baridi, inanuka majani mabichi, na akaniambia hivi, nasema venye alisema.

"Chepngetich. Kogo hakunywa hiyo maziwa. Alikuwa hawezi kumeza chochote, hata maji nilikuwa namlowesha midomo na kitambaa. Alikuwa anashika kikombe tu ndiyo wewe ufurahi. Ukitoka, ananipa, mimi nampa mbwa."

"Lakini uliambia jirani ni mursik!"

"Ningesema nini? Ati mama ya bwana yangu alienda na njaa kwa nyumba yangu?"

Nikaangalia kwa mlango. Mbwa yetu Simba alikuwa amelala hapo, amenona kama ndama, anafukuza nzi na mkia. Amekuwa hapo wakati yote. Kila siku nilikuwa namruka nikienda kulia, na yeye ndiye alikuwa na jibu kwa tumbo.

"Muulize," mama akasema. "Alikunywa yote, akalamba kikombe."

Na bado alikuwa na ingine. Akaanza kutabasamu na machozi inatoka pamoja. "Na ya masizi, Kogo alijua. Aliinusa tu. Ulipotoka aliniambia, 'Hiyo kasichana imenipakia chini ya sufuria.' Akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Baada ya hapo sikumsikia akicheka tena."

Halafu, kama mtu anaongea na kikapu yake, mama akasema, "Mimi nilidhani ni mimi. Siku alienda, majani chai ilikuwa mingi, nikasema nimalize mistari yangu kwanza ndiyo nimwangalie. Nilimkuta tayari. Na baba yako anafikiri ni yeye, alisema tungoje barabara ikauke ndiyo ampeleke Kericho hospitali. Haongei, lakini usiku hageuki upande wa ukuta ya Kogo."

Unaona hiyo nyumba? Wauaji watatu tulikuwa tunakula ugali kwa sahani moja, kila mmoja anamficha mwenzake. Na aliyekufa alienda akicheka.

Chelangat, kwa wale mnauliza, sasa ni nyanya ya watu huko Sigor, aliolewa huko, na mpaka leo akinitembelea anaweka sukari kwa chai kama mchanga. Ile "te" tulikuja kujua alikuwa anataka tu kile kibuyu achezee.

Sasa, nilianza na Cherono.

Kanisani Jumamosi kuna msichana mmoja, kaunsela, anakusanya watoto wale wamefiwa, na sisi wakubwa tunakaa na wao. Mimi nilienda nikifikiri ni maombi. Kumbe wanachora! Hata mimi nilipewa karatasi na rangi, nikachora ng'ombe, ikatoka kama meza, watoto wakacheka sana. Cherono hakuchora. Na huyo kaunsela akatuambia sisi wakubwa, msimwambie mtoto baba amelala, na msikimbilie kumwambia asilie. Muulizeni yeye anafikiri nini kilitokea. Nikakaa hapo na rangi kwa mkono na nikasikia vibaya, kwa sababu mimi, mimi ambaye nilibeba hiyo sotet moyoni mpaka karibu nivunjike, nilikuwa nimemwambia huyu mtoto nini? "Usijali." Kila siku, "usijali." Mdomo yote hii, na hiyo swali moja sikuuliza.

Kwa hivyo juzi, aliponusa akarudi ndani, nikamuita. Nikampa kijiti ashike, mimi nikashika sotet. Nikamwambia hii hadithi yote, mpaka mbwa. Penye mbwa alicheka, kidogo, na pua. Nikamuuliza, bila kumwangalia, "Na wewe, unafikiri ulifanya nini?"

Alisugua. Akasugua tena.

"Nilikata simu yake," akasema. "Alipiga akiwa njiani. Nilikuwa nacheza gemu kwa simu ya mama, ikaingilia, nikakata. Akapiga tena, nikakata. Labda alitaka kusema gari ina shida."

Nyinyi mnajua venye ulimi inataka kukimbia, iseme, si wewe, mtoto wangu, si wewe. Niliishika na meno. Kwa sababu mimi pia nilikuwa na yangu, na sikuwa nimeambia mtu, hata mama ya Cherono, hata Mungu vizuri. Nikaiweka hapo kwa mavumbi kati yetu.

"Mimi ndiye nilimwambia aje," nikasema. "Alitaka kungoja Jumamosi, mvua ipungue. Nikamwambia hapana, paa ya ng'ombe inavuja, kuja leo."

Cherono aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza ananiangalia kabisa tangu mazishi. Tukakaa hapo, na moshi inapanda katikati yetu.

"Kogo," akasema, "na sisi hatuna mbwa. Tutauliza nani?"

Mama yangu alikuwa na mbwa wa kuonyesha. Mimi sina. Hakuna mtu atatoka kwa ile barabara aje atuambie alikuwa anapiga simu kwa nini. Labda ilikuwa kuuliza kama anunue mkate.

Nikamwambia, "Basi tutaulizana sisi."

Sasa tunafanya hivyo. Asubuhi akifunga viatu ya shule anakuja kwa mlango ya jikoni.

"Kogo, ni wewe?"

"Si mimi. Ni wewe?"

"Si mimi."

Siku zingine yeye anajibu haraka na mimi ndiye nakoroga sufuria mara mbili kabla nijibu. Siku zingine ni yeye, anaangalia viatu, na mimi nangoja, sufuria ichemke imwagike, nangoja tu. Halafu inatoka. Ndiyo sasa nafungua sotet, ile imesuuzwa, imeanikwa, imechomwa vizuri na yeye mwenyewe, namwagia kikombe, na tunakunywa yote, mpaka chini.